Nzuri, Ila

Napokea zamu kwa Tumpe saa tatu usiku.
Ananikabidhi funguo, chupa ya chai, na chombo
kiendacho Zohali, mwaka wa tano sasa,
bila mtu ndani, bila dirisha.
"Kimeshindaje?"
"Salama," anasema, akitafuta viatu chini ya meza.
Makabidhiano yetu hayazidi hapo.

Hapa Goba, juu ya kilima, vuli imeacha tope hadi kwenye ngazi.
Sahani yetu kubwa imekinga uso juu
kama bakuli la mtu anayengoja kupakuliwa.
Umeme ukikatika, jenereta inakohoa mara mbili, inashika;
taa za Tegeta kule chini zinazimika mtaa kwa mtaa,
na sisi tunabaki tunang'aa kama wenye harusi.

Kazi yenyewe haina hadithi.
Pima joto la matangi: nyuzi kumi na saba.
Pasha bomba la kushoto dakika ishirini, zima.
Kiulize kama kinaiona nyota yake ya kujielekezea.
Kinaiona.
Andika. Kunywa chai.
Neno langu husafiri saa moja na dakika tatu kukifikia,
lake saa moja na dakika tatu kurudi.
Ukikiuliza hujambo ugali ukiwa jikoni,
kinakujibu sijambo vyombo vimeshaoshwa.

Pazi, mlinzi wetu, ana daftari lake pia.
Kila saa anazunguka uzio na tochi, kisha anaandika
kwa kalamu iliyofungwa uzi: Hali shwari.
Juzi aliniuliza, "Hicho chako leo kimesema nini?"
"Kimesema hakina neno."
Akacheka mpaka tochi ikatikisika.
"Kama hakina neno, kimekusumbulia nini?"

Swali lile nililala nalo.
Mama akinipigia kutoka Mbagala huanza vivyo hivyo:
habari za kazi, nzuri,
za baridi ya huko kilimani, nzuri,
za mwili, nzuri,
na mimi nasikiliza pumzi yake, naingoja ile ila.
Kwetu hata anayeugua husema nzuri kwanza.
Nzuri, ila mguu.
Nzuri, ila kodi.
Nzuri, ila baba yako tangu jana hajala.

Chombo hakikufunzwa adabu hiyo.
Jana saa nane na dakika arobaini kilileta namba kavukavu:
gurudumu la tatu, linalokishika kisiyumbe,
limepanda joto nyuzi mbili.
Nyuzi mbili. Kwa mtoto, hiyo ni homa.
Sikumwamsha mtu. Kitabu cha taratibu, ukurasa wa tisini na moja:
lipumzishe gurudumu, vipulizo vya gesi vishike kazi.
Nikatuma. Nikatazama saa.
Joto lile lilikuwa la saa iliyopita;
huenda kule limeshapoa, huenda gurudumu limeshakwama,
na mimi hapa natetemeka kwa habari iliyochacha.

Pazi akaingia kuomba maji ya moto,
akauona uso wangu, hakuuliza.
Akakalia ndoo iliyopinduliwa, akawa anakanda goti.
Mbwa wa jirani akabweka, akaacha.
Ikafika saa tisa. Akatoka kuzunguka uzio, akarudi.
Ikafika saa kumi. Akatoka, akarudi.

Saa kumi na dakika hamsini, mwadhini hajasafisha koo bado,
namba zikaanza kushuka kwenye kioo.
Gurudumu limelala.
Joto linarudi lilikotoka.
Nyota inaonekana.

"Kimesemaje?"
"Sijambo."
"Haya," akasema, akijiinua kwa kushika meza,
"na mimi sijambo,"
akaenda kuandika hali shwari,
huku anachechemea.